Mali Bila Daftari: Maneno kwa Wanaotaka Kuchagua Masomo ya Biashara

Kila mwaka, siku za kujaza fomu za kuchagua tahasusi zinapokaribia, mlango wa ofisi yetu walimu wa biashara haukosi mgeni. Huja wanafunzi wa kidato cha nne wawili wawili, na mara nyingine huja wazazi wao pia. Maswali yao ni mengi, lakini ukiyachekecha hubaki mawili tu. La kwanza huulizwa kwa sauti kubwa: "Mwalimu, masomo haya yana kazi mbele?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini, huku muulizaji akitazama sakafu: "Mwalimu, Hesabu zinanishinda. Nikienda biashara, si nitapumzika nazo?"

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niyajibu maswali hayo hapa, ili jibu moja liwafae wengi. Nimekubali kwa furaha, maana nimeona mara nyingi kijana akichagua kwa dakika tano jambo litakalomshika miaka mitano au zaidi. Nitajaribu kueleza masomo haya ni nini, yanafungua milango ipi na kufunga ipi, na ni mtu wa namna gani anayefaa kuyachukua. Lakini kabla ya hayo, naomba niwapeleke kidogo kijijini kwetu.

DUKA LA MAREHEMU BABA

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la rejareja karibu na kituo cha mabasi. Aliuza sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viberiti na madaftari ya shule. Baba hakuwa mlevi wala mfujaji. Alifungua duka kabla ya jua kuchomoza, akalifunga watu wengine wamekwisha kulala. Wateja hawakukosa; siku za mnada walipanga mstari mpaka nje. Hata hivyo, ulipofika mwaka wa nne, rafu zilianza kuonyesha mbao. Gunia la sukari likawa nusu gunia, nusu gunia ikawa kilo kumi, na mwisho duka likafungwa.

Majirani walikuwa na jibu tayari. Walisema ni chuma ulete: yaani yuko mtu ambaye kila alipolipa noti yake dukani, noti ile ilirudi kwake usiku pamoja na wenzake. Baba hakuona mwizi, na mlango haukuvunjwa, basi naye akaanza kuamini. Alimwazia vibaya mama mmoja jirani yetu, mteja wake wa siku nyingi, na nyumba zetu mbili zikaacha kusalimiana.

Wakati huo mimi nilikuwa darasa la sita. Miaka michache baadaye, nilipokuwa sekondari, mwalimu alitufundisha kuandika hesabu za duka dogo. Nilipokwenda likizo nilikaa na mama jikoni, nikamwomba anikumbushe mambo ya duka lile, nami nikaandika. Kila asubuhi tulichukua sukari na majani ya chai rafuni kwa matumizi ya nyumbani, bila kulipa na bila kuandika. Ada yangu na ya dada zangu ilitoka katika sanduku la mauzo. Ndugu na marafiki walikopa, na madeni yao yaliandikwa kichwani mwa baba, ambako mengine yalifutika. Tena bei ya jumla ya sukari ilipopanda, baba aliendelea kuuza kwa bei ya zamani mpaka gunia likaisha, kisha akakuta kwamba fedha alizopata hazitoshi kununua gunia jingine.

Tulipomaliza kuandika, mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe chuma ulete tulikuwa sisi wenyewe." Baba alipoelezwa hakusema neno. Jioni ile alivaa kanzu yake, akaenda kwa jirani yule kumwomba radhi.

Wahenga walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilichagua masomo ya biashara kwa sababu ya daftari lile la jikoni. Naeleza habari hii ili mjue tangu mwanzo kwamba elimu hii si elimu ya kutajirika upesi. Kwanza kabisa ni elimu ya kujua ukweli juu ya mali, yako au ya mwenzako.

MASOMO YENYEWE NI YAPI

Watu wengi hulitaja neno "biashara" kana kwamba ni somo moja. Sivyo. Ni masomo matatu yanayosaidiana, kama mafiga matatu yanavyobeba chungu kimoja.

La kwanza ni Uchumi. Somo hili laanza na jambo ambalo kila mtu alijua tangu utoto: mahitaji yetu hayana mwisho, lakini vitu vya kuyatimiza ni haba, kwa hiyo lazima tuchague. Kutoka hapo laeleza kwa nini bei ya mahindi huanguka wakati wa mavuno na kupanda ghala zinapokuwa tupu; kwa nini mkulima aweza kuvuna sana na bado akapata fedha kidogo; na kazi ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza mwaka 1966, katika kulinda thamani ya shilingi yetu.

La pili ni Biashara yenyewe. Hili laeleza safari ya bidhaa kutoka shambani au kiwandani mpaka mkononi mwa mlaji: muuzaji wa jumla na wa rejareja, ghala, usafirishaji, benki, bima na matangazo. Laeleza pia tofauti kati ya mtu anayefanya biashara peke yake, watu wenye ubia, chama cha ushirika na kampuni. Tofauti hizo si za mtihani tu. Mtu anayefanya biashara peke yake akishindwa kulipa madeni ya duka, hata mali yake ya nyumbani yaweza kuchukuliwa. Mwenye hisa katika kampuni yenye dhima ya kikomo, kwa kawaida hupoteza zile hisa zake tu.

La tatu ni Uhasibu, yaani kuandika, kupanga na kueleza hesabu za fedha. Katika madarasa ya chini somo hili lilijulikana zaidi kama uwekaji wa vitabu vya hesabu. Hili ndilo linalowatisha wengi, na ndilo ningependa kulieleza kwa mfano.

MFANO WA MAANDAZI

Tuseme dada mmoja anaanza kupika maandazi kwa mtaji wa Shs. 100,000/-. Juma la kwanza ananunua unga, sukari, mafuta na mkaa kwa Shs. 60,000/-, na vyote vinakwisha. Anauza maandazi ya Shs. 90,000/-. Katika hizo, Shs. 70,000/- zinalipwa papo hapo, na Shs. 20,000/- ni deni la mafundi wa gereji ya jirani, walioahidi kulipa mwisho wa mwezi. Tena anachukua Shs. 25,000/- kwa chakula cha nyumbani. Jumamosi usiku anahesabu fedha zilizomo mkobani na kukuta Shs. 85,000/-. Anashika tama. "Nilianza na laki moja, sasa nina elfu themanini na tano. Nimepata hasara ya elfu kumi na tano. Maandazi hayalipi."

Je, ni kweli? Tufungue daftari. Mauzo ni Shs. 90,000/-, gharama ni Shs. 60,000/-, kwa hiyo faida yake ni Shs. 30,000/-. Mtaji wake wa mwanzo, Shs. 100,000/-, ukiongezwa faida hiyo na kupunguzwa Shs. 25,000/- alizochukua nyumbani, wawa Shs. 105,000/-. Na mali yake iko wapi? Mkobani zimo Shs. 85,000/- na kwa mafundi ziko Shs. 20,000/-. Jumla ni Shs. 105,000/-. Pande mbili zimelingana.

Basi dada huyu hakupata hasara hata kidogo. Alitaka kuacha kazi inayomlisha kwa sababu alichanganya vitu viwili ambavyo si kimoja: fedha iliyomo mkobani na faida. Lakini daftari halimsifu tu, lamwonya pia. Katika faida ya Shs. 30,000/- amekwisha kula Shs. 25,000/-, kwa hiyo mtaji umekua kwa Shs. 5,000/- tu. Tena mafundi wale wasipolipa, mtaji wake utashuka hadi Shs. 85,000/-, naye atakuwa amepika juma zima kwa kujipunguza. Hilo ndilo lililompata baba yangu, ila yeye hakuwa na daftari la kumwambia mapema.

Kanuni inayotawala hesabu hizo ni moja: kila tendo la fedha lina pande mbili, basi liandikwe mara mbili. Ukinunua unga kwa fedha taslimu, unga umeingia na fedha imetoka. Ukiuza kwa mkopo, bidhaa imetoka na deni la mteja limeingia. Upande wa kushoto huitwa debiti na wa kulia krediti, na jumla zake hazina budi kulingana. Zisipolingana, kuna kosa mahali fulani. Lakini kijana asidhani kwamba zikilingana kila kitu ni safi. Ukisahau kabisa kuandika jambo, au ukilificha, pande mbili zaweza kulingana vizuri nalo kosa likabaki. Kwa sababu hiyo masomo haya hayafundishwi kwa kalamu peke yake. Yahitaji mtu mwaminifu.

HESABU HAZIKIMBILIKI

Sasa nalijibu lile swali la sauti ya chini. Katika mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia jina lake Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa katika mji wa Venice. Ndani yake alieleza namna hiyo ya kuandika mara mbili, ambayo wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiitumia kabla yake. Kitabu kile kilikuwa kitabu cha Hesabu, na Pacioli alikuwa mwalimu wa Hesabu. Uwekaji wa vitabu ulikuwa sehemu moja tu ndani yake. Kwa hiyo anayekimbilia biashara ili awaepuke walimu wa Hesabu ni sawa na anayekimbia mvua kwa kujitumbukiza kisimani.

Ni kweli kwamba Hesabu zinazotumika katika Uhasibu si ngumu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, asilimia na uwiano. Ugumu wake ni kwamba zataka uangalifu wa kila siku. Mtu anayepata jibu sahihi mara tisa katika kumi hatafurahiwa na mwajiri wake, maana ile mara ya kumi ndiyo mshahara wa mtu. Uchumi nao watumia michoro na milinganyo, na ukiendelea mbele wataka takwimu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa tahasusi ya ECA wamekuwa wakiongezewa somo la Hesabu lijulikanalo kwa jina la BAM. Anayechukua EGM husoma Hesabu za juu zenyewe.

Wala si Hesabu tu. Mtihani wa masomo haya huandikwa kwa Kiingereza, na maswali mengi hutaka maelezo marefu. Nimewaona vijana wanaojua kukokotoa upesi wakianguka kwa kushindwa kueleza sababu ya jibu lao. Mhasibu mzuri hueleza hesabu hata kwa mtu asiyezijua, kama nilivyopaswa kumweleza mama jikoni.

NJIA ZILIZOPO

Mtaala ulioboreshwa, uliofuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, umelifanya somo la biashara kuwa la lazima kwa wanafunzi wa sekondari walio katika mkondo wa elimu ya jumla. Hilo ni jambo jema, maana kila mtu atashika fedha maishani mwake. Lakini kulisoma kwa lazima ni kitu kimoja, na kulichagua liwe njia yako katika kidato cha tano ni kitu kingine.

Kwa muda mrefu tahasusi zilizokuwa na Uchumi ndani yake zilikuwa hasa tatu. ECA ni Uchumi, Biashara na Uhasibu. EGM ni Uchumi, Jiografia na Hesabu za juu. HGE ni Historia, Jiografia na Uchumi. Mwezi wa Machi mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya 16 za zamani, jumla zikawa 65, na masomo ya biashara yakapewa kundi lake. Si kila shule ina kila tahasusi, kwa hiyo soma orodha ya shule kwa makini kabla ya kuandika.

Ili kuingia kidato cha tano, mwanafunzi hutakiwa kufaulu masomo yasiyopungua matatu kwa daraja la A, B au C, na C huanzia alama 45. Kwa hiyo usiandike tahasusi ambayo masomo yake hujayafanyia kazi. Fomu haina huruma. Yasoma alama, haisomi matumaini.

Kuhusu milango, yafaa kusema wazi. Anayechukua ECA amefungua mlango wa uhasibu, ukaguzi wa hesabu, benki, bima, ugavi, kodi, masoko na uongozi wa biashara. Amefunga mlango wa udaktari na uhandisi, ambao wataka Fizikia, Kemia au Biolojia. Anayechukua EGM amefungua pia mlango wa takwimu na fani nyingine zitakazo Hesabu za juu. Anayechukua HGE aweza kuelekea sheria, mipango na utawala. Mwanafunzi asiyejua bado moyo wake uko wapi, lakini ana nguvu katika Hesabu, afikirie EGM kwa makini, maana huacha milango mingi wazi.

Iko na njia nyingine ambayo wazazi wengi huidharau bila sababu. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, hata kwa daraja la D, aweza kuomba kusoma Astashahada katika vyuo vingi, kisha Stashahada, kisha Shahada. Chuo cha Elimu ya Biashara, yaani CBE, kilianzishwa mwaka 1965. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu, kilianza mwaka 1963. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilianzishwa mwaka 1972. Mwaka huo huo wa 1972 ilitungwa sheria iliyoleta Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Bodi hii ndiyo inayosimamia mitihani ya taaluma, na anayemaliza mitihani yake ya juu na kutimiza masharti hupata cheo cha CPA(T).

Tazameni miaka hiyo vizuri. Nchi ilipata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, na vitabu vya hesabu vilivyokuwa mikononi mwa wageni vikahitaji mikono ya wananchi. Vyuo hivyo havikujengwa kwa anasa. Vilijengwa kwa sababu nchi isiyo na watu wa kuandika hesabu zake hulazimika kuamini hesabu inazoandikiwa na wengine.

Wakulima walikuwa wamelijua jambo hilo mapema. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933 ili wakulima wadogo wauze kahawa yao pamoja. Fikirini: kahawa ya nyumba nyingi yachanganywa na kuuzwa kama mzigo mmoja. Baada ya hapo, haki ya kila mkulima yakaa mahali pamoja tu, nako ni katika kitabu kilichoandikwa kilo zake. Karani akikosea, au akiiba, mkulima hana la kushika. Mpaka leo vyama vya ushirika huishi au hufa kwa daftari.

SABABU ZISIZOFAA NA SABABU ZINAZOFAA

Sasa nitaje sababu ambazo nimezisikia ofisini na ambazo naomba mziache.

Mmoja asema, "Nataka biashara kwa sababu nimeshindwa sayansi." Kushindwa kitu kimoja si dalili ya kuweza kingine. Mwingine asema, "Rafiki yangu ameandika ECA." Rafiki huyo aweza kupangwa shule ya mkoa mwingine, nawe ukabaki na masomo yake bila yeye. Wa tatu asema, "Nataka kuwa tajiri." Wako matajiri wengi wasiojua debiti wala krediti, na wako wahasibu wengi waishio kwa mshahara wa kawaida. Masomo haya hayaahidi utajiri. Yaweza kukuonyesha mapema kwamba unafilisika, na hilo nalo ni jambo kubwa.

Sababu zinazofaa ni za namna nyingine. Je, hukasirika uonapo jambo halilingani mpaka ujue sababu? Je, hupenda kujua kwa nini bei imepanda, badala ya kulalamika tu? Je, ukipewa fedha za klabu au za safari ya darasa, huzirudisha pamoja na karatasi inayoonyesha kila shilingi ilikokwenda? Kama majibu yako ni ndiyo, basi hayo ni mambo ambayo mwalimu hawezi kukupa, unayo tayari.

Kwa wale wanaosita, nina jaribio moja lisilo na gharama. Nunua daftari dogo. Kwa siku thelathini andika kila fedha unayoipata na kila unayoitumia, hata ya kashata na ya kalamu. Kila Jumapili jumlisha, kisha hesabu fedha uliyo nayo mfukoni. Ikiwa daftari na mfuko havikubaliani, tafuta sababu. Mwisho wa mwezi jiulize: je, kazi ile ilinichosha, au ilinipa hamu? Wengi huacha siku ya nne. Hao hawana kosa, lakini wamejifunza jambo muhimu juu yao wenyewe kabla ya kujaza fomu.

KWA WAZAZI WAHESHIMIWA

Wazazi wetu, nawaomba mambo mawili. La kwanza, msimchagulie mtoto masomo kwa sababu ya kazi ya jirani. Msimzuie pia binti mwenye akili ya Hesabu kwa kusema kwamba fedha ni mambo ya wanaume. Nyumba nyingi humu nchini zasimama kwa hesabu za akina mama, wenye vikundi vya kuweka na kukopa ambamo kila senti huandikwa mbele ya wote. La pili, mwonyesheni mtoto hesabu za nyumba. Wako wazazi wanaoficha deni la duka au bei ya mbolea wakidhani wanamlinda. Mtoto aliyeona jinsi ada yake inavyopatikana huchagua masomo kwa uangalifu zaidi kuliko yule anayedhani fedha hutoka mfukoni kama maji bombani.

Hata mtoto ambaye hatachagua masomo haya hatapoteza kitu kwa kuyaelewa kidogo. Katika mikutano ya kijiji husomwa taarifa ya mapato na matumizi. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa yake juu ya fedha za umma. Fedha hizo ni zetu. Mwananchi asiyeweza kusoma taarifa hizo hubaki na mambo mawili tu: kupiga makofi au kunung'unika. Anayeweza kuzisoma aweza kunyosha mkono na kuuliza swali.

MWISHO

Basi, kwa swali la kwanza, jibu langu ni hili: kazi zipo, maana hakuna duka, shule, hospitali, chama wala serikali isiyohitaji hesabu. Lakini waombaji nao ni wengi, na siku hizi mashine yaweza kujumlisha upesi kuliko karani yeyote. Kinachotafutwa ni mtu anayejua kwamba jumla ile ni ya kweli, na aliye na moyo wa kusema isipokuwa ya kweli. Kwa swali la pili, jibu ni kwamba Hesabu zitakufuata, basi ni afadhali ufanye urafiki nazo sasa.

Daftari lile nililoandika jikoni kwa mama bado ninalo. Kurasa zake zimekuwa njano, na tarakimu zangu za siku zile ni mbaya. Siku moja mwanafunzi aliyekuja kuuliza habari za ECA aliliona mezani, akauliza ni la nini. Nilimwambia ni la duka lililokufa. Akasema, "Mwalimu, sasa lina faida gani, na duka lenyewe halipo?" Nikamjibu kwamba lilirudisha salamu kati ya nyumba mbili. Alifikiri kidogo, akaomba fomu yake, akaenda kuijaza taratibu.

Nanyi nawaomba mjaze zenu taratibu.

Ni mimi mwalimu wenu wa masomo ya biashara.